Shubiri Moja na Nusu

Mwalimu Mhina kaniazima tufe la shule ya Chuda.
Limepasuka kidogo huko kusini, kwenye bahari isiyo na watu.
Nimelipakata mbele ya cherehani kama kichwa cha mteja wa kofia.
Tanga haimo. Nimeitia mwenyewe, nukta ya chaki,
kati ya Mombasa na herufi ya kwanza ya Dar es Salaam.

Edmonton imo.

Nikashika uzi mweusi, ncha moja kwenye chaki,
ncha ya pili kwa Mwantumu.
Nilidhani utakwenda kushoto, ukate Kongo, uvuke maji,
kama mtu anavyonyoosha barabara ya kumi na mbili hadi sokoni.
Nilipoukaza, ukakataa.
Ukapanda juu, ukapita Misri, ukapita Ulaya,
ukakwea barafu ya Greenland ndipo ukateremka.
Fundi hashangai. Uzi juu ya bega la mtu
haufuati jicho lako, unafuata mwili.

Mpwa wangu Sekibo katazama kwenye simu:
kilomita elfu kumi na nne na mia moja, kwa mnyoofu.
Tepu yangu ina sentimita mia na hamsini.
Nikagawanya pembeni mwa daftari la madeni:
tepu milioni tisa na laki nne,
na Mama Chande bado hajalipa bitana.

Lakini nani husafiri kwa mnyoofu?
Mwantumu alianza na basi la alfajiri.
Muheza machungwa, Segera choo cha kulipia, Chalinze foleni;
saa saba na nusu hadi Dar,
kilomita mia tatu na hamsini tu.
Kwa mwendo huo, nikamwambia Sekibo,
Edmonton angefika siku ya kumi na tatu.

Ndege iliruka saa sita usiku.
Nilitazama saa ya ukutani, mishale miwili imebanana juu,
nikazima taa, nikakaa.
Asubuhi nikakata sare za watoto, mbili nikazikosea.
Saa nne alikuwa Amsterdam, kwenye kiti cha chuma,
anatafuna mkate wa ajemi uliokwisha kukauka.
Saa tisa wakampandisha nyingine.
Halafu kimya, kimya cha kushonea vifungo.

Simu ikalia. Mishale palepale, imebanana juu.
"Nimefika, mama. Saa nane mchana huku,
jua linawaka na theluji haina habari nalo."

Nikahesabu. Saa sita hadi saa nane: saa kumi na nne.
Mimi nimekesha ishirini na nne, kwa macho yangu haya.
Kumi zimekwenda wapi?
Sekibo akanieleza dunia inavyozunguka,
akalisukuma tufe, uzi ukachomoka.
Nimemwelewa. Ila mimi kitambaa kikikatwa
huuliza vipande vimebaki kwa nani.

Vipimo vyake bado vimo daftarini:
bega kumi na tano na nusu, mkono ishirini na tatu.
Koti nilimshonea la blanketi, nikalitia bitana mara mbili.
Sijawahi kushonea baridi nisiyoijua.
Anasema linatosha. Anasema haraka mno.
Kazi aliyoifuata ni kuwaogesha wazee wa watu,
kuwavisha, kuwafunga vifungo.
Mimi kidole gumba kimeanza kukataa sindano,
sijamwambia.

Tufe nitalirudisha kesho.
Uzi niliuokota sakafuni, nikaulaza juu ya tepu:
sentimita thelathini na tatu. Shubiri moja na nusu.
Ni urefu wa mkono wa gauni la Idi
nililomshonea akiwa na miaka mitatu.
Alilia kwamba refu, linameza vidole,
nikalikunja pindo kwa ndani,
nikamwambia: nitalifumua ukikua.